Kusafisha Figo au Kuchuja Damu? Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Mafigo

Novemba 2017 madaktari wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakisaidiana na wataalamu kutoka India, walimpandikizia mgonjwa figo kwa mara ya kwanza nchini. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa wataalamu wa Japani. Tiba imefika, lugha ya kuieleza ingali inachechemea. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nne zitumikazo, na kuonyesha ipi inamfaa mgonjwa na ipi inampotosha.

Tuanze na 'kusafisha figo'. Mwandishi wa makala haya ni mzaliwa wa Mkwajuni, wilayani Songwe. Huko jirani yetu mmoja, mchimbaji wa dhahabu, aliambiwa hospitalini kwamba atasafishwa figo. Alisafiri, akaunganishwa na mashine kwa saa nne, akapata nafuu, akarejea nyumbani. Alipoulizwa mbona harudi tena, alijibu, "Si limekwisha kusafishwa?" Hakuwa mjinga. Kitu kikisafishwa huwa safi, na kazi huwa imekwisha. Siku ya tisa alirudishwa hospitalini akiwa amevimba mwili, akihema kwa shida.

Mashine ile hailigusi figo hata kidogo. Huipokea damu, huichuja ili kuondoa taka na maji yaliyozidi, kisha huirudisha mwilini. Kwa kuwa figo lenyewe halijapona, taka hujikusanya upya. Ndiyo maana wagonjwa wengi huhitaji huduma hiyo mara tatu kwa juma. 'Kuchuja damu' hueleza ukweli huo. Kila mwenye chujio la chai anajua kwamba chai ya leo huchujwa leo, na ya kesho kesho.

Ya pili ni 'kubadilisha figo'. Fundi abadilishaye gurudumu huondoa bovu na kuweka zima mahali pake. Daktari kwa kawaida huyaacha mafigo mabovu palepale, akaliweka jipya chini ya tumbo, upande mmoja, na kuliunganisha na mishipa ya damu na kibofu. 'Kupandikiza' ni bora zaidi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi ahamishaye mche kutoka kitaluni aelewa mara moja kwamba mche waweza kushika au kunyauka, na kwamba wahitaji uangalizi. Hata hivyo, figo hilo lisiitwe 'pandikizi', maana pandikizi la mtu ni jitu kubwa, na mtu aliyepenyezwa kwa hila naye huitwa pandikizi. 'Figo lililopandikizwa' latosha.

Ya tatu ni nzito zaidi. Upandikizaji uliofanikiwa Boston mwaka 1954 ulikuwa baina ya mapacha wa kufanana, ambao miili yao haikataani. Dawa, hasa siklosporini iliyoenea katika miaka ya 1980, ndizo zilizowafungulia wengine mlango. Dawa hizo huitwa 'dawa za kupunguza kinga'. Kitaalamu jina hilo ni sahihi. Lakini kwa umma uliofundishwa kwamba UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, ni tisho. Mgonjwa aogopaye dawa huiacha, na aiachaye aweza kulipoteza figo alilopewa na ndugu yake. Twapendekeza 'dawa za kutuliza kinga'. Atakayesema kwamba jina hili laficha hatari ya maambukizo ana hoja. Lakini hatari hiyo na ielezwe kwa sentensi kamili, kwani istilahi moja haiwezi kubeba mafunzo yote.

Ya nne yahusu utafiti wa karibuni. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba dapagliflozini, iliyobuniwa kwa ajili ya kisukari, hupunguza kasi ya kudhoofika kwa mafigo hata kwa wasio na kisukari. Ikiendelea kuitwa 'dawa ya kisukari' tu, asiye na kisukari atadhani amepewa dawa ya mwenzake. Kwa mgonjwa huyo yafaa kuitwa 'dawa ya kukinga mafigo', yaani kwa kazi inayomfanyia.

Kipimo chetu basi ni kimoja: istilahi ya tiba isimfanye mgonjwa aache tiba. Wauguzi na madaktari wasomao jarida hili twawaomba watuletee maneno wanayoyasikia vitandani, kwani huko ndiko istilahi hupimwa kwa kweli.