Fedha Isiyo Fedha: Juu ya Istilahi za Ufundi wa Saa

Wafasiri wa maelezo ya saa za anasa mara nyingi hufuata umbo la neno la kigeni na kukisahau kitu chenyewe. Kosa hilo si dogo, kwani maelezo hayo husomwa na mnunuzi na ofisa wa forodha, na kila mmoja hukadiria thamani kwa kile anachokisoma.

Tuchukue mfano wa saa ya Lange 1 iliyotolewa mwaka 2019 na kampuni ya A. Lange & Söhne ya Glashütte, Ujerumani, kuadhimisha miaka 25 ya aina hiyo. Zilitengenezwa 250 tu. Kasha lake ni la dhahabu nyeupe, uso wake ni wa fedha, na bamba la mtambo wake ni la madini ambayo Waingereza huyaita "fedha ya Kijerumani". Dhahabu nyeupe ni dhahabu kweli, iliyochanganywa na madini yanayoififisha rangi yake ya manjano. Lakini "fedha ya Kijerumani" haina hata chembe ya fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wajerumani wenyewe huuita "fedha mpya", ilhali Wachina, waliotangulia kuutumia, waliuita "shaba nyeupe". Twapendekeza jina hili la Wachina, maana lataja asili na rangi bila kumdanganya msomaji.

Wala jina hilo haliishushi saa hadhi. Bamba hilo huachwa bila kupakwa kitu, na alama ya kidole hubaki juu yake. Kwa hiyo mafundi huunganisha mtambo mara mbili: kwanza kuurekebisha, kisha huufungua, wakasugua na kunakshi vipande, ndipo wakauunganisha tena. Thamani imo katika kazi hiyo ya mikono.

Neno "vito" nalo lina kasoro. Kito ni pambo, hali rubi zilizomo mtamboni ni za kutengenezwa, kwa njia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na kazi yake ni kupokea ncha za mihimili ili kupunguza msuguano. "Vijiwe vya mihimili" yatosha.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila istilahi ni ya kubuniwa. Kiswahili kina akrabu, kina kamani, na tangu zamani twasema kutia saa ufunguo. Mfasiri aandikaye "springi" ameacha mali nyumbani akaenda kuazima kwa jirani.

Basi kabla ya kuchagua neno, mfasiri hana budi kujiuliza mambo mawili: kitu hiki kimefanywa kwa nini, na kinafanya kazi gani? Akishayajua hayo, jina la kigeni halitampoteza.