Isle Royale: Walihesabu Vichwa, Wakasahau Damu

Aliyefuatilia mbwa mwitu wa Isle Royale hahitaji kusimuliwa hali ya majira ya baridi ya 2014: mbwa mwitu 9 katika kisiwa kizima cha Ziwa Superior, wote wa ukoo mmoja uliokwisha kuzaana ndugu kwa ndugu kwa vizazi. Aprili ya mwaka huo Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ikatangaza kwamba haitaleta wengine kutoka bara madhali waliopo wangali wanazaa. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na ushahidi wa ubovu wake ulikuwa mezani siku ile ile.

Tuanze na hilo sharti la kuzaa. Kundi linaweza kuzaa kila mwaka huku jeni zake zikizidi kufanana, kama duka linalouza kila siku huku mtaji unaliwa. Mifupa ilikuwa imeshasema. Uchunguzi uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya mbwa mwitu wa kisiwa walikuwa na kasoro za pingili za mgongo. Kasoro moja, ya pale kiuno kinapoungana na nyonga, ilikuwa kwa asilimia 33 yao. Katika makundi yasiyozaana ndugu kwa ndugu ni asilimia 1. Kwa takwimu hizo, unaulizaje kama wanazaa? Swali lilikuwa wanazaa na nani. Jibu likaja 2015: walibaki watatu, dume, jike na mtoto wao mwenye mkia uliopinda na mgongo wa kibyongo. Jike lile lilikuwa binti wa dume lile, na tena walichangia mama. Mwaka uliofuata mtoto hakuonekana tena.

Hoja ya pili ilikuwa barafu. Ziwa liliganda vizuri msimu ule, kwa hiyo ikatarajiwa kwamba mgeni atavuka mwenyewe. Lakini daraja la barafu lina njia mbili. Hakuna mgeni aliyebaki, na jike Isabelle, aliyehitajika mno kisiwani, alivuka kwenda Minnesota akakutwa amekufa kwa risasi ya bunduki ya upepo. Waliofanya mpango walijua kuwa barafu ile, iliyofunga mara nyingi katika miaka ya 1960, sasa hufunga kwa nadra. Kuweka uhai wa ukoo juu ya barafu inayopotea si mpango.

Hapa narudia lile ambalo wasomaji wangu wamelisikia mara nyingi. Ule wimbo wa kuacha maumbile yafanye kazi yake haukuwa na haki ya kuimbwa Isle Royale. Mwaka 1980 mbwa mwitu walikuwa 50. Kufikia 1982 wamebaki 14, kwa sababu ya virusi vya parvo vilivyofika kisiwani na mbwa wa kufugwa. Binadamu alileta ugonjwa, binadamu anapasha joto hewa inayoyeyusha daraja, halafu ikifika zamu ya kuleta dawa anajitia mtazamaji. Na sisi wa huku tusijione mbali: simba wa Kreta ya Ngorongoro, waliobaki wachache mno baada ya janga la nzi wanaouma la 1962, wameonyesha tangu zamani nini hutokea uzao ukijifungia.

Kilichotakiwa kilijulikana kwa jina: M93, dume lililovuka barafu mwaka 1997. Ndani ya takriban muongo mmoja zaidi ya nusu ya jeni za kisiwa zilikuwa zake. Huo ndio uokoaji wa kijeni, mnyama mmoja tu! Somo lake la pili ndilo lililosahauliwa: jike wake wa kwanza alipokufa, M93 alizaa na binti yake mwenyewe, na faida ikaanza kujila. Mgeni mmoja kwa kizazi ni dawa ya muda, lazima irudiwe. Wasimamizi wa puma wa Florida walilielewa jambo hili mapema zaidi; mwaka 1995 walipeleka puma majike 8 kutoka Texas bila kungoja wa mwisho afe.

Hatimaye, kati ya 2018 na 2019, mbwa mwitu 19 waliletwa Isle Royale, kutoka Minnesota, Michigan na Ontario, na kazi hiyo ilifanywa vizuri. Lakini kwa kungoja miaka minne, musi, wale kulungu wakubwa, waliachwa wakafika takriban 2,060 mwaka 2019, wakitafuna miti ya balsamu hadi michanga haikui.

Mwaka 2024 walikuwapo mbwa mwitu wapatao 30, wote wa ukoo mpya, na maji yanayowazunguka ni yale yale. Wasimamizi wa hifadhi wapime jeni zao kila kizazi na waandike leo kiwango kitakachowalazimu kuleta mgeni, kabla pingili hazijaanza kupinda tena.