Kiolesura cha Wazee: Istilahi ni Mlango au Ukuta?

Kiolesura ni ule uso wa programu ambao mtumiaji huuona na kuugusa. Wataalamu wanapokisanifu kwa ajili ya wazee, aghalabu hushughulikia macho na vidole. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.0, uliotolewa mwaka 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200, na mtumiaji aweze kuongeza muda kabla haujamwishia. Hayo ni muhimu. Hata hivyo, herufi kubwa haimsaidii mzee iwapo neno lenyewe halijui.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, unastahili sifa kwa kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba programu nzima ya ofisi. Tatizo tunaloliona katika tafsiri za programu kwa jumla ni istilahi kama "nywila". Mfanyabiashara mzee wa hapa Gisenyi, aliyejifunzia Kiswahili sokoni na katika safari za Goma, hana pa kuishika. Mwambie "namba ya siri", ataelewa papo hapo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilienea kwa maneno ya kila siku: kutuma pesa, kutoa pesa.

Wapo watakaosema kwamba "nywila" ni fupi na inafaa kusanifishwa. Tunakubali kuwa ina nafasi yake darasani na kamusini. Kwenye kitufe, kwa maoni yetu, neno linalojulikana litangulie. Mzee asiyeelewa humkabidhi mtu mwingine simu pamoja na namba yake, na tangu hapo fedha zake hazina siri tena.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na huenda baadhi ya wanafunzi wetu wakapewa kazi ya kutafsiri vitufe hivyo. Tunapendekeza kila istilahi ijaribiwe na wazee kabla ya kupitishwa. Wasiulizwe, "Mzee, umeelewa?" kwa kuwa kwa adabu tu watajibu ndiyo. Wapewe simu, waombwe kutuma ujumbe au kubadili namba ya siri, nasi tutazame kidole kinasita kwenye neno gani. Neno hilo ndilo la kurudishwa mezani.