Yowe Lisiloitikiwa



Mwenye kutaka kuhukumu yampasa asikilize kwanza. Majumbani mwetu yasemwa mengi juu ya muziki wa makelele na giza ambao vijana huusikiliza kwa spika za masikioni, na wengi wa wasemao hawajapata kuusikia hata robo saa. Mimi nimeketi hapa Moshi nikaisikiliza santuri ya kwanza ya kikundi cha Duma, mwanzo hata mwisho, zaidi ya mara moja, na nataka nikueleze jema lake na kasoro yake. Ama ala za muziki kwa jumla, wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake tangu zamani, na hapa si pahala pa mjadala huo.

Duma ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja mwenye sauti, na Sam Karugu mwenye gitaa na mitambo. Msomaji wa pwani atadhani wamejiita kwa yule mnyama mwenye mbio. La, jina lao latokana na neno la Kikikuyu lenye maana ya giza. Wote wawili walitoka katika vikundi vya muziki wa metali vya mji huo. Mwaka 2019 walikwenda Kampala wakarekodi katika studio ya Nyege Nyege, na mwezi wa Agosti 2020 ikatoka santuri yao, yenye nyimbo tisa na jina lao wenyewe.

Sasa, yasikika vipi? Ngoma zake hazipigwi kwa mkono wa mtu. Ni mashine, nazo zaenda kwa kasi ambayo hapana mpigaji angeiweza. Gitaa limekwaruzwa hata likawa kama bati linaloburutwa juu ya saruji. Juu ya hayo Khanja haimbi kama tujuavyo kuimba, bali hupiga ukelele: mara wa chini, kama mnyama mwenye ghadhabu, mara wa juu, kama mtu aliyefikiwa na habari ya msiba. Maneno mengi hayashikiki. Kinachoshikika ni hali ya mwenye kuyatoa.

Wengi wakifika hapo huzima, wakasema huu si muziki, ni yowe. Nami nasema, naam, ni yowe, basi na tulipime kama yowe linavyopimwa. Huku mlimani, Kibosho na Machame na Marangu, nyumba zimezama ndani ya vihamba, kati ya migomba na mikahawa. Jirani yako yuko karibu lakini humwoni. Kwa hiyo sauti hufanya kazi ya jicho. Yowe likipigwa usiku hapana aulizaye kama ni la kupendeza au la kuchukiza. Watu huuliza latoka wapi, na kuna nini. Na mwenye kulisikia akajifunika shuka amekosa ujirani.

Kwa kipimo hicho santuri hii ina ukweli ndani yake. Mwenye sauti haigizi maumivu ili apendwe. Nyimbo nyingi za mapenzi zinazopigwa redioni hulia kwa sauti iliyopakwa asali, na msikilizaji ajua kuwa mwimbaji hana kilio. Kwa Duma hapana asali. Hili ni jema lao, na si dogo.

Lakini ina kasoro, nayo si kelele. Kasoro yake ni kuwa hapana wa kuitika. Tazama sanaa tulizorithi: msomaji wa Maulidi husoma na watu wakaitikia, mwimbaji wa taarabu ana waitikiaji wake, na hata manju wa ngoma hawezi kitu bila ya watu. Katika santuri hii mtu mmoja apaza sauti, na kinachomjibu ni mashine. Mashine haijui huruma, huongeza kasi tu.

Wala usidhani kuwa muziki wa giza hauna budi kuwa hivyo. Mwaka 1994, katika mji wa Stavanger huko Norway, kikundi cha Theatre of Tragedy kilitoa rekodi yake ya majaribio, ile ambayo vikundi vichanga hurekodi ili vijulikane. Aina yao huitwa metali ya kigothi, nayo ni muziki wa mwendo wa pole na gitaa nzito, wenye kunuka makaburi. Lakini mwanamume akinguruma, mwanamke, Liv Kristine, humjibu kwa sauti nyororo. Giza ni lile lile, ila mna watu wawili ndani yake, na msikilizaji hupata pa kushika.

Ukitaka kujua hatari ya kutojibiwa, tazama wimbo mmoja wa Duma ambao jina lake, kwa Kiingereza, lamwambia msikilizaji ajiue kabla hawajamuua. Yawezekana ni ghadhabu tu ya mtu aliyebanwa. Hata hivyo neno hilo silipitishi. Roho ni amana, na dini yetu imeharimisha mtu kujiua. Na kijana anayelisikia peke yake saa nane za usiku huenda hana wa kumfafanulia kuwa ni ghadhabu tu. Nabii Yunus naye aliita akiwa katika giza la tumbo la samaki, giza lisilo mlango. Lakini alijua amwitaye ni nani, naye alijibiwa.

Nafurahi kusema kuwa Khanja hakubaki pale pale. Mwaka 2024, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept. Humo amealika wasanii wengi, na ameitoa kwa kumkumbuka Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, ambaye ni mkubwa wa ukoo wake. Ukelele ni ule ule, lakini sasa una jamaa: una mzee nyuma yake na wenzi ubavuni, na kwa hiyo una uzito ambao ile ya kwanza haikuwa nao.

Basi wewe mzazi, ukimkuta mwanao na muziki huu, usianze kwa kumnyang'anya simu. Ukinyang'anya utazima sauti, na kilichomfanya aitafute kitabaki pale pale. Kaa naye, usikilize naye wimbo mmoja, ijapokuwa masikio yatakuuma, kisha umuulize: huyu alia nini? Na wewe, je? Halafu nyamaza umwache aseme.

Wabillahi taufiq.