Mwanafunzi wa Jioni

Uimbaji wa jadi wa kaskazini ya Bara Hindi haukumkusudia mtu wa afisini. Desturi ilimtaka mwanafunzi akae kwa mwalimu miaka, akishika sauti moja, Sa, mpaka imkae kooni. V. N. Bhatkhande (1860–1936), aliyekuwa wakili, alizipanga raga katika makundi 10 na kuzichapa nyimbo kwa alama. Wenye ajira wakapata mlango. Twamshukuru. Lakini sisi watunzi twajua: shairi lililochapwa halina mahadhi yake, na alama hazitoshi kuonyesha mtelezo wa sauti, ambamo ndimo raga ilimo. Tena raga zina saa zake. Atokaye kazini jioni huikuta Yaman. Bhairav ni ya alfajiri, wakati yeye angali usingizini.