Sifa ya Jibini Iliyokauka Kau

Huko Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, hupikwa frico: jibini iliyokunwa, ikatandazwa kikaangoni hadi ikawa kipande chembamba cha rangi ya dhahabu kinachovunjika kwa mlio. Ipo pia frico ya viazi, laini na ya kushibisha. Mimi naisifu hii kavu, maana mpishi wake hana pa kujifichia. Haina unga wala yai, na hata mafuta hayaongezwi. Yaliyomo ndani ya jibini yanatosha.

Maestro Martino, mpishi mashuhuri wa karne ya 15, aliandika pishi la jibini ya kikaangoni. Vijijini Friuli, frico ilikuwa njia ya kuokoa kingo zilizokatwa wakati wa kutengeneza magurudumu ya jibini. Mabaki hayo yakawa fahari ya jimbo zima.

Ufundi wenyewe uko sikioni kama ulivyo jichoni. Jibini ikipata moto huyeyuka, mafuta yakachuruzika, kisha maji yaliyomo huanza kuchemka na kutoa povu lenye kelele. Kelele zikipungua, ujue maji yanakwisha na protini inashikana kama wavu. Hapo ndipo mpishi hujulikana. Ukiitoa mapema, hunyumbuka kama mpira. Ukichelewa kidogo tu, huwa chungu. Ikitoka motoni bado ni laini, nawe unaweza kuilaza juu ya bakuli lililofudikizwa ili ipoe ikiwa na umbo la kikombe. Napenda sana hatua hiyo: mkono unafinyanga chakula.

Wanaopunguza wanga wana sababu nzuri ya kuipenda. Bakteria huila sukari ya maziwa tangu jibini inapotengenezwa, na Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Italia inayofaa pia kukaushwa hivi, hukomaa kwa miezi 12 au zaidi, hivyo sukari haibaki. Chumvi ndiyo nyingi. Vipande vichache vinatosha.

Parmigiano ni ghali kwetu, lakini cheddar iliyokomaa hufaa vizuri, mradi iwe kavu. Iliyokunwa kiwandani iache: mara nyingi hunyunyiziwa wanga ili isigandane, na wanga ndio tuliokuwa tukiukimbia. Nunua kipande kizima, kikune mwenyewe, utandaze chembechembe kwa uwazi kidogo, moto uwe wa wastani. Na kwa dakika hizo chache, usiondoke jikoni.