Mbao moja, mabehewa manane: nani alipanga vizuri, Allen ao Wright?

Kawaida hapa tunachambua kitabu ao filamu. Leo nachambua mipango miwili ya treni za kuchezea. Musinicheke kwanza. Hii mipango ilinionyesha jambo juu ya kupanga kazi ambalo sikulipata wakati nilikuwa naandika memwari yangu ya lisansi.

Kuna watu, zaidi sana Marekani na Uingereza, wanaotengeneza maketi ya reli nyumbani: reli ndogo, mashini ndogo, mabehewa madogo, vyote kwa kipimo. Wengi wanaota kujaza chumba kizima. Asiye na chumba anatengeneza maketi ya manevra: mbao moja, mashini moja, na kazi ya kupanga mabehewa. Treni haisafiri. Inaenda mbele, inarudi nyuma, mpaka kila behewa liko mahali pake.

Mpango wa kwanza unaitwa Timesaver. Aliuchora John Allen, Mwamerika wa Monterey, California, na ulitoka katika gazeti Model Railroader mwaka 1972, miezi michache mbele ya kifo chake. Uko na panda tano (naita panda pale reli moja inagawanyika mbili), njia fupi za pembeni zinazoangalia huku na huku, na katikati njia ya kuzungukia, ili mashini itoke mbele ya mabehewa na kuja nyuma yao. Unacheza na saa mkononi. Mwenye kumaliza haraka njo ameshinda.

Kama mchezo, ni mtamu. Allen mwenyewe aliutoa kama mchezo, kwa hiyo yeye simlaumu. Nalaumu wale wanaochukua mchoro wake, wanatia juu yake nyumba na miti, kisha wanasema ni stesheni. Angalia ile njia ya kuzungukia: ni fupi kwa makusudi. Behewa moja zaidi, umekwama. Kampuni ya reli inayolipa mafuta na wafanyakazi kila siku ingerefusha ile njia kidogo, na shida ingekwisha pale na pale. Ugumu wote wa Timesaver unatoka kwa mchoraji aliyetaka kukusumbua. Ukiondoa ule usumbufu, hakuna kazi inayobaki.

Mpango wa pili ni Inglenook Sidings, wa Mwingereza Alan Wright. Asili yake ni Kilham, mahali pa mashambani huko Northumberland. Uko na panda mbili tu na njia tatu. Njia ndefu inabeba mabehewa matano, zile fupi mbili zinabeba matatu matatu. Upande mwingine kuna mkia, kipande cha reli kinachotosha mashini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane, kila moja na karata yake. Unachanganya karata, unatoa tano, na lazima upange treni ya matano kwa utaratibu ule ule karata zilivyotoka.

Inaonekana kazi ya watoto. Fanya hesabu: 8 × 7 × 6 × 5 × 4, ni treni 6720 tofauti. Na kila urefu una sababu. Njia ndefu ni sawa na treni inayotakiwa kuondoka. Mabehewa matatu yanayobaki yanajaza njia fupi moja. Mkia unaweza kuvuta njia fupi nzima mara moja. Nafasi ziko 11 na mabehewa 8, kwa hiyo nafasi tatu ziko tupu. Zile tatu tupu njo zinafanya kazi yote iwezekane. Hapa ugumu unatoka kwa kiwanja chenyewe, sawa na stesheni yoyote iliyobanwa kati ya barabara na mto.

Sisi watu wa agronomia tunaelewa upesi: kishamba cha majaribio cha mita chache, kikipangwa vizuri, kinakufundisha kuliko hekta tano za kubahatisha. Lakini mimi na rafiki zangu wawili hatukuanza hivyo. Tulichora maketi kubwa, na mlima, daraja, na stesheni mbili. Miezi minne ya michoro, hakuna hata reli moja iliyowekwa. Kisha tukarudi kwa Wright. Tulikata mabehewa ya karatoni, tukayasukuma kwa mkono juu ya meza, tukarekebisha urefu mbele ya kununua kitu.

Kipimo kilitufurahisha. Reli zetu za Kongo ziko na upana wa milimita 1067. Kwa kipimo cha 1:64, upana ule unakuwa karibu 16.7, na reli ndogo zinazouzwa zaidi duniani ziko na 16.5. Watu wa New Zealand na wa Queensland, wenye reli za upana kama wetu, wanatumia hesabu hiyo hiyo. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 19. Matano yanataka karibu mita moja, na kila kitu kikaingia kwenye mbao ya mita 2.4.

Sasa lawama yangu kwa Wright: karata hazina sababu. Kwa nini behewa 4 litangulie 7? Hakuna jibu. Sisi tuliandika mizigo: mbolea, mahindi, simenti, mafuta, kila behewa na stesheni yake. La stesheni ya kwanza linakaa nyuma kabisa, ili liachwe bila kufungua treni yote. Pale mchezo ukageuka kazi.

Na pale nikakumbuka stazhi yangu. Behewa la mbolea tuliliona kwa macho, limesimama nyuma ya mengine, siku nne. Mvua ilikuwa imeanza, wakulima wananiuliza kila asubuhi, na mimi nawajibu kwamba kuna mutu anataka pesa. Kila mutu alisema vile, nami nikasema. Mwezi uliopita nikaweka kwenye mbao yetu mabehewa mawili mabovu, yasiyosogea, ndani ya zile nafasi tatu. Ikabaki nafasi moja. Manevra ya dakika kumi ikavuka saa moja, na hakuna aliyekuwa ameiba kitu. Sisemi wizi haupo. Nasema niliwapa wakulima jibu mbele ya kuhesabu nafasi tupu.

Hukumu yangu: Timesaver kwa sikukuu, Inglenook kwa kujifunza, lakini na mizigo yenye majina. Kama unataka kujaribu leo, kata karatoni nane, chora njia tatu kwa choki juu ya meza, na uhesabu umesukuma mara ngapi mpaka treni ya kwanza iwe tayari. Mimi ya kwanza ilinichukua jioni nzima.